Goti la Mke wa Timazi

Mwashi huyu mtaa mzima ulimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, na jina likamkaa. Ukuta wake ukisimama, umesimama. Bawaba ya mlango ikilegea hata kidogo, hapati usingizi. Kwake yeye, kitu kinachocheza ni kitu kinachoelekea kuanguka, na hakuna aliyewahi kubishana naye akashinda.

Mkewe, fundi cherehani, aliteleza kwenye ngazi za nyumba yao akiwa amekumbatia mzigo wa vitambaa. Timazi alikuwa nyuma yake, ndoo mkononi. Akalisikia goti likialika, akauona mguu ukienda upande ambao mguu hauendi. Hospitali wakasema mfupa ni mzima, ila kano moja imechanika. Wakamfunga mkanda, na muda ulipofika wakaufungua, wakamwambia aanze kulikunja goti polepole.

Siku ile ile Timazi akaliona likitetemeka mkewe alipokanyaga chini. Wee! Alitafuta mbao mbili, akazipiga randa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto, akazifunga huku na huku kuanzia paja hadi karibu na kifundo.

"Baba watoto, si wamesema nilikunje?"

"Wao wanajua dawa, mimi najua mizigo. Zege likiwa bichi, nani anaondoa mbao za boksi linaloshikilia? Liache likomae."

"Basi usisahau kunimwagilia maji asubuhi na jioni," mkewe akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mkewe alicheka, lakini mbao hakuzifungua. Na yeye aliogopa, tusidanganyane. Mume anapika, anafua, anakushika mkono hata ukienda dirishani tu kuchungulia. Nani angekataa raha hiyo? Cherehani yake ikakaa chumba cha chini, imefunikwa shuka.

Waliporudi kliniki wamechelewa sana, mtaalamu wa viungo, binti mwembamba asiye na subira, alizifungua zile mbao. Paja lilikuwa limenywea. Akajaribu kulikunja goti; likaenda kidogo, likagoma.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Timazi akajibu, kifua mbele.

"Mzee wangu, umemjengea mkeo goti la ukuta." Akamgeukia mgonjwa. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona. Cherehani ya miguu."

"Kwa kukunja huku huwezi kukanyaga. Na likiendelea kukaa hivi likagandia, ndiyo basi tena."

Mke wa Timazi alilia pale pale kitandani, bila kujificha. Tangu usichana wake hajui kazi nyingine, na hakutaka kujua. Timazi aliona aibu, na aibu ikamtoka kama hasira.

"Lakini linacheza! Nimeliona kwa macho yangu!"

"Vua kiatu," binti akamwambia. "Simama kwa mguu mmoja."

Akasimama. Mtu wa kupanda majukwaa ya ujenzi, mguu mmoja utamshinda?

"Haya, tazama chini."

Timazi akatazama. Kifundo chake kilikuwa kinahangaika, mara kinainamia ndani, mara nje, na vidole vinashika sakafu na kuiachia.

"Kikataze kisicheze," binti akasema.

Timazi akakaza mguu wote, akang'ata meno, akakikataza kwelikweli. Almanusura amwangukie mgonjwa. Mkewe, machozi bado mashavuni, akaangua kicheko.

"Umeona?" binti akasema. "Huko kucheza ndiko kunakokusimamisha. Goti ni mfupa umekaa juu ya mfupa, hakuna shimo la kuushika. Kano zinaubana usitoke mahali pake. Halafu misuli ya mbele ya paja na ya nyuma inavutana. Huu ukizidi, ule unaurudisha. Sasa kano moja imelegea, misuli ndiyo ya kusaidia, na misuli inajifunza kwa kuyumbishwa. Wewe umeipa likizo."

Timazi akavaa kiatu taratibu. Alikumbuka jukwaani, kwamba hata siku moja hakazi magoti. Huyalegeza kidogo, ubao ukiyumba na yeye anayumba nao. Miguu yake ilijua siku zote. Kichwa ndicho hakikuwahi kuambiwa.

Basi kazi ikaanza. Mkewe akawa anakunja goti mpaka jasho linamtoka, kisha anasimama juu ya godoro lililokunjwa, mguu mmoja, anayumba. Amri ya binti ilikuwa moja: mume akae karibu, asiguse.

"Akianguka?"

"Utamwokota. Mikono mfukoni, mzee."

Jamani, mtu huyu aliteseka. Kila goti lilipoyumba, mikono ilimtoka yenyewe, na mkewe akamfokea, "Mfukoni!" Usiku alikiri wazi kwamba anaogopa kulisikia goti lile likialika tena. Mkewe akamwambia hata yeye anaogopa, lakini anaiogopa zaidi ile shuka iliyofunika cherehani.

Ikafika siku akasema anashuka ngazi. Peke yake. Timazi akabaki juu. Mkewe akashusha mguu mzima, akafuatisha mbovu. Katikati goti likacheza, wazi kabisa. Mikono ya Timazi ilifika hewani. Akairudisha mfukoni, akaikunja ngumi. Goti likayumba, likajishika. Mkewe akafika chini, akaingia chumbani, na Timazi akasikia shuka ikivutwa.

Kanyagio likalia mara moja. Kimya. Likalia tena, likakwama, kisha likakolea, na sauti ya sindano ikapanda ngazi mpaka pale aliposimama.

Akataka kushuka amwone. Akatoa mguu, akaurudisha, akashika ukuta aliojenga mwenyewe.

"Baba watoto, mbona hushuki?"

"Magoti," akasema. "Magoti yananicheza."

Cherehani haikusimama.

"Yaache yacheze," mkewe akamjibu. "Shuka hivyo hivyo."