Pua ya Ellsworth Pruitt

Mwaka 1911 timu ya Chuo cha Thornbury ilicheza mechi nane ikashinda saba. Zile saba nilicheza mimi. Ya nane sikucheza, na nitaeleza kwa nini, maana chuo chenyewe kimeshaieleza mara nyingi na kila mara kimesema uongo.

Nazungumzia mpira wetu wa huku Pennsylvania, ule wenye umbo la yai, unaobebwa kifuani huku watu kumi na mmoja wakijaribu kukuvunja. Wakati ule kumvunja mtu kulikatazwa kwa maneno tu.

Mimi ni Ondrej Balko. Nilikuwa na miaka ishirini, na kumi kati ya hiyo nilikuwa nimeimalizia chini ya ardhi, kwenye mgodi wa makaa aliousimamia Bwana Pruitt. Nilikuwa na kitabu kimoja, kamusi ya Kiingereza, nayo ilikuwa imekatika katikati. Mambo yote kuanzia herufi A mpaka L niliyajua. Baada ya hapo nilikuwa mjinga kama watu wengine.

Mwezi wa Agosti kocha wa Thornbury, Lyman Strickler, alikuja mgodini akanikuta nimeweka mgongo chini ya kigari cha makaa kilichoacha reli, nakirudisha. Hakunisalimia.

"Unakimbia pia?"

"Nikifukuzwa."

"Utafukuzwa," akasema.

Siku zile vyuo vyote vilifanya hivi na vyote vilikana. Vilichukua wachimba makaa, wahunzi, hata polisi mmoja mwenye watoto wanne, vikawachezesha kwa majina ya wanafunzi halali. Kanuni ilitaka jina liwemo kwenye orodha ya chuo. Kuhusu mwili haikusema kitu.

Kocha alitaka kunilipa. Nikamwambia sitaki hela, nataka kusoma. Akanipeleka kwa mkuu wa chuo, Dakta Wetherby, mtu mwenye ndevu safi kuliko meza yetu ya chakula.

"Cheza msimu huu," Dakta akasema, "na Januari utaandikishwa kwa jina lako mwenyewe. Hilo ni neno langu." Akanipa mkono.

Sikudai maandishi. Kosa hilo nimewasimulia wachimba makaa wa majimbo matatu, na nitawasimulia mpaka nizikwe.

Jina nililopewa ni la Ellsworth Pruitt, mtoto wa Bwana Pruitt huyo huyo wa mgodi. Alikuwa mrefu kama mimi, mpana kama mimi, na hakupenda kuguswa. Tulikutanishwa kwenye chumba cha kuvalia.

"Kwa hiyo wewe ndiye mimi," akasema.

"Jumamosi tu."

"Basi unicheze vizuri, tafadhali. Baba anakuja."

Baba yake hakujua lolote. Alikaa juu kabisa jukwaani, macho yake hayakuwa mazuri, na mimi nilivaa ile kinga ya pua ya mpira mweusi unayoiuma kwa meno, inayoficha uso kuanzia machoni mpaka kidevuni. Alichokiona mzee yule ni tope linalokimbia kwa jina la ukoo wake. Alilipigia makofi mpaka kofia ikaanguka.

Mechi ya kwanza nikateguka kifundo cha mguu. Jumatatu kocha akamwita Ellsworth.

"Chechemea."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Balko apone."

Akachechemea siku tisa. Siku ya nne alisahau akachechemea wa kulia, na mwalimu wa Kigiriki akamwonea huruma maradufu. Mechi ya tatu nikavimba jicho, nao wakampaka lake masizi ya makaa. Makaa yalikuwa ya kwetu. Kufikia mechi ya tano alikuwa ameshaanza kuamini.

"Balko, juzi uliangusha mpira. Watu wamenisema sana mezani."

"Pole."

"Usirudie."

Mechi ya sita baba yangu alikuja kuniona. Alitembea maili kumi na moja, amebeba kabichi na tambi kwenye kopo lake la mgodini, akasimama kwenye uzio pamoja na watu wasiokuwa na viti. Watu elfu tatu walikuwa wanapiga kelele, "Pruitt! Pruitt!" Mechi ilipokwisha nikamfuata.

"Yule Pruitt ni mnyama," baba akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Baba, Pruitt ndiye mimi."

Akatafuna kwanza. "Mimi nina mtoto anaitwa Balko. Nimemtafuta uwanja mzima."

"Januari, baba. Januari nitakuwa Balko humu humu ndani."

"Wamekuandikia?"

"Wamenipa mkono."

Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama kwa muda mrefu kama anatafuta walichoacha humo.

"Kula kabichi," akasema.

Mechi ya saba kinga ilipasuka na pua yangu ikavunjika. Ikaenda kushoto, haijarudi mpaka leo. Jumatatu yake wakaleta mpiga picha. Nahodha akaniweka katikati, mpira magotini, na chini yangu wakaandika: E. Pruitt. Mwenye jina alikuwa nyuma ya mpiga picha, na plasta puani, akiniambia nikae wima. Baba yake alikuwa ameshatangaza kwa furaha kwamba atakijengea chuo jumba la mazoezi lenye jina la mwanawe.

Ilibaki mechi moja, dhidi ya Chuo cha Marlow, watani wetu. Alhamisi Dakta Wetherby akaniita ofisini.

"Balko, kuna ugumu kidogo kuhusu Januari."

"Ugumu gani, Dakta?"

"Uso wako. Umeshaandikishwa." Akanisogezea picha. "Nikikuandikisha na wewe, tutakuwa na wanafunzi wawili wenye pua moja. Watu watauliza."

"Si mbadilishe jina kwenye picha."

"Na jumba la mazoezi je?" Akanitazama kwa huruma, na nakiri ilikuwa huruma ya kweli. "Ungecheza vibaya kidogo tu, nani angekukumbuka? Hili umejiletea mwenyewe, kijana."

Nikamshukuru. Bado nachukia kwamba nilimshukuru.

Jumamosi, chumba cha kuvalia, wenzangu wote wamevaa. Mimi nimekaa na suruali ya mgodini.

"Umeumia?" kocha akauliza.

"Nimegoma."

Neno lenyewe kwa Kiingereza, strike, lilikuwa kwenye ile nusu ya kamusi niliyoikosa, lakini nilikuwa nimelisikia nyumbani. Nikasimama nikawaeleza wenzangu kila kitu: ahadi, mkono, picha. Nikawaambia tukikaa wote kumi na mmoja, Dakta ataandika barua ndani ya dakika tano.

"Jamani?"

Yule polisi akawa anafunga kiatu ambacho kilishafungwa. "Balko, mimi nina watoto wanne."

"Watakuwa na baba mwenye jina."

"Wanamtaka baba mwenye kazi."

Mwingine, mwanafunzi wa kweli, akasema kwa adabu, "Lakini sisi tumeshaandikishwa."

Tangu hapo nimeongoza migomo ya watu elfu tisa. Ule ulikuwa wa mtu mmoja, na bado nauhesabu.

Kocha akageukia mlangoni. "Mleteni Pruitt."

"Pruitt si huyu?" polisi akasema.

"Yule mwingine."

Wakamtoa Ellsworth jukwaani, amevaa koti la manyoya, plasta puani. Wakamvisha nguo zangu za mchezo, zikamkaa vizuri kuliko mimi.

"Balko," akaninong'oneza, "nifanye nini?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini sikuwa na ugomvi na mwili wake. "Shika mpira kwa mikono miwili. Ukiona mtu anakuja, inama."

"Watakuja wangapi?"

"Wote."

Nikatoka, nikaenda kwenye uzio, nikasimama karibu na baba yangu, aliyekuwa amekuja tena na kopo lake. Mpira ulikuwa umeanza.

Marlow walikuwa wamejiandaa mwezi mzima kumzuia Pruitt. Maandalizi yote yale yalikuwa ya kwangu, akayapokea yeye. Mara ya kwanza alipopewa mpira alikimbilia goli letu. Mara ya pili alimwomba radhi mtu aliyemkanyaga, huku bado anamkanyaga. Akaangushwa, plasta ikabanduka, na pale chini palikuwa na pua nzima, iliyonyooka, safi kama ya mtakatifu kwenye dirisha la kanisa. Wachezaji wote ishirini na mbili wakasimama wakaitazama. Hata mwamuzi aliinama kidogo.

Mara ya tatu Marlow wakairekebisha.

Walimbeba kwenye machela. Jukwaa zima likasimama, wanaume wakavua kofia, na mzee Pruitt akalia bila kujificha, kwa fahari, kwa sababu mtoto wake alikuwa amerudi uwanjani na pua iliyovunjika akavunjwa tena. Mpaka leo ndivyo chuo kinavyosimulia. Tulifungwa kumi na saba kwa sifuri. Dakta Wetherby alitazama kwenye uzio mara mbili, na mara zote mbili nilimpungia ule mkono alionipa.

"Yule Pruitt leo hayuko sawa," baba akasema.

"Hayuko."

"Na wewe uko hapa."

"Niko hapa."

"Basi leo nimekuona." Akafungua kopo, akanipa nusu. Tukaondoka kabla ya filimbi, maana maili kumi na moja ni maili kumi na moja.

Januari ilinikuta mgodini, kwenye kigari kile kile. Nusu ya pili ya kamusi niliipata mwaka 1914, kwenye chumba cha chama cha wachimba makaa, na baada ya hapo nikasoma kila kilichofuata, pamoja na vitabu ambavyo Thornbury wasingenipa. Jumba la mazoezi lilijengwa. Nimepita mbele yake mara moja, kwenye maandamano.

Ellsworth alifariki mwezi uliopita, Machi 1954. Hakuwahi kunidhuru zaidi ya vile alivyoagizwa. Gazeti la wilaya limeandika "Shujaa wa 1911 Atutoka", na juu yake wameweka picha ya shujaa. Ni mimi, miaka ishirini, mpira magotini, pua imeelekea kushoto. Ya kwake Marlow waliipeleka kulia, lakini nani anaangalia. Jirani yangu Bibi Chovanec aliliona akaja mbio na mkate wa mbegu za popi wa msibani, akanikuta naosha vyombo, akakasirika. Mkate aliuacha.

Nilipomaliza kuula nikamwandikia mkuu wa sasa wa Thornbury, kwa maandishi safari hii, nikabaki na nakala:

"Mheshimiwa. Mwaka 1911 chuo chenu kiliniahidi nafasi ya kusoma, kisha kikanieleza kwamba haiwezekani kuwa na wanafunzi wawili wenye pua moja. Nilielewa. Sasa pua imebaki moja. Nina miaka sitini na mitatu, kamusi yangu imekamilika, naweza kuanza Januari. Wenu, Ondrej Balko."

Hawajajibu. Leo ni siku ya kumi na tisa.