Mikono Nyuma

Kila Jumatano, kabla ya darasa la saketi, nilikuwa nafika maabara mapema nipange nyaya: nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Nilipenda kile kimya. Siku hiyo nilikuwa nimeshika waya wa tano Dokta Mbugua alipoingia nusu saa kabla ya wakati, wenzangu nyuma yake, akauchukua mkononi mwangu.

"Wacha hiyo. Mtihani wa leo si wa kuandika. Mmoja anasema, mwenzake anaunganisha. Anayesema, mikono nyuma. Na mtaje herufi zilizo kwenye mchoro. Sitaki 'hiki' na 'kile'."

Mimi ni mtu wa Matulo, huko Bungoma. C ni kapasita, R ni kizuizi cha mkondo, L ni koili, na hesabu zake nazijua hata ukiniamsha usingizini. Lakini ulimi wangu huzibadilisha R na L: 'ar' hutoka 'al', 'el' hutoka 'er'. Muhula mzima nilikuwa nimeponea kwa kuandika na kunyoosha kidole.

Kampuni moja ya umeme Bungoma ilikuwa imekipa chuo chetu hapa Kitale nafasi moja tu ya mafunzo kazini. Mwenye alama za juu baada ya mtihani huu ndiye angeenda. Mimi nilikuwa naongoza, Dancan wa Endebess akinifuata kwa alama mbili. Huko ningelala nyumbani, kwa mama, ambaye tangu mwaka jana haketi kitandani bila kuinuliwa.

Nilipopangwa na Dancan, nilishukuru. Jumapili tu nilikuwa nimemfundisha mchoro huohuo tukila mahindi ya kuchoma. Miaka miwili alikuwa ameusikia ulimi wangu na hajawahi kucheka.

"Anza na al," nikasema, mikono nyuma. "Harafu er. C iwe sambamba na er."

Dancan alinitazama kama mtu asiyenijua. "Al? Hiyo ni gani?"

"Al, Dancan. Ile ya kwanza."

"Al iko na L ndani, bana," akasema, akachukua koili. "Na er iko na R. Si ndiyo?"

Darasa likaangua kicheko.

"Hapana. Samahani Dokta, namaanisha koiri..."

"Herufi!" Dokta akagonga meza. "Ama huko kwenu Bungoma hazijafika?"

"Dokta, huyu akienda kupiga kura atarudi ameshiba!" Tonny alipaza sauti kutoka nyuma, na Dokta mwenyewe akacheka hadi akavua miwani.

Nikarudia. Kadiri nilivyojitahidi ndivyo ulimi ulivyokuwa mzito. Dancan akaweka C sambamba na R, taratibu, bila kuniangalia, kisha akawasha. Mshale wa mita, ambao ulitakiwa kushuka karibu na sifuri, ukaruka juu.

"Sifuri ni yako, basi," Dokta akasema. "Badilisheni."

Dancan alianza vizuri, R kisha L. Halafu, kwa haraka zake, akasema, "C mfululizo na L." Ilipaswa kuwa sambamba. Dokta alikuwa ameinama akiandika sifuri yangu, na Tonny alikuwa bado anawachekesha wengine. Nilishika waya wa C. Ningeweza kuunganisha tu nilichosikia, naye angepata sifuri kama mimi.

Nikaiweka C sambamba.

Mshale ukashuka polepole ukatulia. "Safi sana," Dokta akamwambia Dancan. "Jumatatu wewe utaripoti Bungoma."

Nilimkuta Dancan kwenye bomba la maji nyuma ya maabara, ananawa uso.

"Pole, Nasambu," akasema. "Huyo Dokta ni mbaya."

"Niliposema al, wewe ulielewa nini?"

"Si nilifanya vile ulisema."

"Sijakuuliza ulifanya nini."

Alifunga bomba. Akalifungua tena, akalifunga. Wanafunzi wawili walipita wakisema "al, al" na kusukumana, naye akangoja hadi wakapinda kona.

"Nilielewa ni R," akasema. "Na er nilielewa ni koili. Nilielewa tangu mara ya kwanza. Lakini nafasi ni moja, Nasambu, na ungeipata wewe."