Namba ya Kumpigia Mama

Maimuna alikuja na fomu Alhamisi jioni, nikiwa nachambua mchicha gengeni kwangu Mwembesongo. Jumamosi angepanda kilele cha Lupanga na wenzake wa kazini, eti kutembea tu. Mimi napanda milima hiyo kufuata mboga, nateremka na mzigo kichwani, na hakuna aliyewahi kunijazisha fomu.

Nikavaa miwani nikasoma. Mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura: Salehe, mjomba.

"Mbona mjomba wako? Mimi sina simu?"

"Mama, mambo mazito si huanzia kwa mjomba? Ndivyo tulivyo."

Ndivyo tulivyo Waluguru, kweli. Lakini nilijua anachokwepa. Miaka mitatu iliyopita kaka yake, Twalibu, alianguka na pikipiki akitoka Mlali. Salehe, kaka yangu, akanipigia. "Twalibu kaumia mguu kidogo, dada. Njoo hospitali." Kidogo! Nikachemsha chai ya tangawizi, nikajaza chupa, nikaenda huku nikimnung'unikia mwanangu kwa kupenda mwendo wa kasi. Nilimkuta Salehe mlangoni, kofia mkononi, hanitazami. Chupa ile nilirudi nayo imejaa. Najua alinihurumia, na sote ndivyo tunavyopeana habari za kifo, kwa kunyatia. Hata hivyo sijamsamehe vizuri.

"Andika namba yangu," nikamwambia Maimuna. "Iwe ya kwanza."

"Na presha yako je?"

"Presha yangu inapandishwa na uongo."

Akaandika. Nami nikachukua kalamu, pale penye maelezo mengine nikaongeza kwa mkono wangu: Mama aambiwe ukweli wote, palepale. Asiambiwe kidogo. Bado roho haikutulia. Nikampigia Raphael, kijana atakayewaongoza, nikamtaka aape.

"Lakini mama, mzazi haambiwi hivyo kwenye simu," akasema.

"Basi mwanangu haendi."

Akaapa.

Jumamosi walitakiwa wawe wameshashuka saa tisa. Saa nane wingu likafunika mlima wote. Saa tisa na nusu nikampigia Maimuna, hapatikani. Mteja alitaka mchicha, nikamfungia matembele. Akanitazama usoni, akayachukua hivyo hivyo. Nilikuwa naogopa simu isilie, na naogopa ilie.

Saa kumi na dakika tano ikalia. Raphael.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Mama... Maimuna ameumia mguu kidogo. Ungesogea tu Kilakala utupokee. Uje na ndugu mwingine."

Nikakaa chini palepale juu ya magunia. Nikamwona tena Salehe wa siku ile, kofia mkononi. 

"Raphael, uliniapia."

 Nikamsikia akivuta pumzi.

"Nisamehe, mama. Ameteleza kwenye jiwe. Mguu umevunjika chini ya goti, mfupa umetokeza nje. Damu ilitoka nyingi, tumeufunga. Tumemweka kwenye machela, bado kama saa nzima kufika barabarani. Analia njia nzima, na tukimtikisa ananitukana."

"Anakutukana?"

"Sana, mama."

"Alhamdulillahi!" nikasema kwa sauti, hata wenzangu wa genge wakageuka. Mfupa wa mwanangu umetoka nje na mimi nashukuru. Nilishukuru kwa moyo wote, machozi yakinitoka.

Nikampigia Salehe aje na bajaji yake, nikamweleza yote, mfupa na damu na matusi. 

"Dada," akauliza polepole, "ni mguu tu, kweli?"

"Ni mguu tu, kaka. Mimi sikudanganyi."

Nikamsikia akilia. Nikakimbia nyumbani, nikabandika chai ya tangawizi, nikaitafuta ile chupa, nikaijaza.