Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Sheria ilisema kwamba mwenye leseni ya kujifunza asiguse usukani bila mtu mwenye leseni kamili kuketi kando yake. Haikusema mtu huyo asiwe mama mkwe. Ndiyo maana mwokaji mikate alijifunza udereva huku ameinamisha kichwa kwa adabu, jambo lisilomfaa hata kidogo mtu anayetakiwa kutazama mbele.

Katika ukoo mzima, mama huyo peke yake ndiye aliyekuwa na leseni. Aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, na bado alizungumza kana kwamba nyuma yake kuna watoto wanarushiana viatu.

"Gia, baba, gia! Husikii inavyolia? Ungekuwa wewe usingelia?"

"Ningelia, mama."

"Basi ibadilishe!"

Akiambiwa kata kulia, alikata. Akiambiwa simama, alisimama, hata kama magari ya nyuma yanampigia honi kama harusi. Mkwe ni mkwe.

Siku ya mtihani ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya leseni yake ya kujifunza. Tajiri yake alikuwa amemwahidi gari la kusambaza mikate, lakini alimwambia wazi: "Ukifeli, ufunguo nampa mwingine, nawe urudi kwenye tanuri." Na tanuri lilikuwa linammaliza. Moshi na unga vilikuwa vimemjaa kifuani, akawa anakohoa usiku mpaka mkewe akahamia chumba cha watoto.

Kituo cha mtihani kilimruhusu msindikizaji kukaa kiti cha nyuma. Mkaguzi, mwanamume mwembamba mwenye uso usioonyesha habari njema wala mbaya, alipofungua mlango alimkuta mama mkwe amekwisha kukaa, mkoba mapajani.

"Nimemfundisha mimi," alisema. "Lazima nione mwisho wake."

"Sawa, mama. Ila humu hatuongei."

"Kwani mimi ni msemaji?"

Mkaguzi akafunga mkanda wake. "Haya, bwana. Ondoa gari ukiwa tayari."

Mwokaji akawasha injini, akatazama kioo cha kulia, cha kushoto, kisha cha kati. Hapo ndipo alipoona. Mama mkwe hakuwa amefunga mkanda. Mbele aliufunga siku zote, maana mbele polisi wanaona. Nyuma aliuhesabu kuwa ni kitu cha kumkunjia gauni.

Kuondoa gari huku abiria hajafunga mkanda ni kufeli papo hapo. Jambo hilo alilijua kama anavyojua hamira. Akakohoa kidogo. Akautazama mkanda kupitia kioo, akamtazama mama, akautazama mkanda tena.

"Ondoka, baba! Unangoja nini? Barabara nyeupe!"

Mguu wake, kwa mazoea ya utii, ulikwisha kukanyaga klachi, na mkono ukatia gia. Mkaguzi akainua kalamu. Mwokaji akaitoa gia, akavuta breki ya mkono.

"Mama, funga mkanda."

"Nini?"

"Mkanda. Siondoki mpaka uufunge."

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe, mama." Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. "Shikamoo, lakini funga."

Mkaguzi akatazama nje, kama mtu aliyekuta ugomvi wa watu chumbani kwao. Hatimaye, huko nyuma, mkanda ukalia *ka!*

Gari likaondoka. Mama mkwe hakutoa neno, na kimya chake mwokaji alikisikia shingoni kama mkono wa mtu. Lakini kwa kuwa hakuna aliyemkemea, aligundua kwamba miguu yake inajua kazi. Akarudi nyuma kati ya magari mawili, safi, bila kugusa hata kivuli. Mara moja tu, mkaguzi aliposema, "Kata kushoto," alijibu, "Ndiyo, mama." Mkaguzi akajifanya hakusikia.

"Umefaulu," alisema waliporudi, akashuka upesi.

Mama mkwe akatoa simu mkobani, akampigia binti yake.

"Mumeo amefaulu. Ila ungeniambia mapema kama ana mdomo."

"Mdomo? Huyo wangu?"

"Ee, huyo huyo. Amenifokea mbele ya mtu wa serikali." Akamtazama mkwewe, aliyekuwa bado ameung'ang'ania usukani ingawa injini imezimwa. "Sauti yenyewe haikuwa mbaya. Ya dereva."