Chenga za Mashine

Mashine ya kukoboa mpunga ilishuka Mwaya kwa meli ya Mjerumani, na siku ilipofungwa dukani kwa Bwana Rajabu, wanawake wa Bujonde waliomtwangia miaka yote wakaambiwa wabebe michi yao waende zao. Hivi hivi! Hata pole hawakupewa. Wanaume wawili walizungusha gurudumu, na kabla jua halijawa kali, mpunga wa kutwanga kutwa nzima ulikuwa umekwisha.

Tusekile hakuondoka. Alikuwa mjane, mpunga wake shambani umezolewa na mafuriko, na wanawe, Naomi na wadogo zake, waliishi kwa chenga. Ndiyo desturi ya huko: mchele mzima ni wa mwenye mpunga, chenga ni za mtwangaji. Bila chenga, watoto wanalala njaa.

Basi akaketi mbele ya mashine, ungo mapajani. Kumbe lile dude linavunja punje kuliko mchi! Chenga zilijaa gunia, na Rajabu akaanza kulifunga.

"Bwana Rajabu, hizo chenga zetu."

"Zenu? Mama Naomi, leo umetwanga nini wewe?"

"Kwani nani katwanga?"

"Mashine!"

"Haya. Mtwangaji ndiye mla chenga. Ipe basi, tuone ikila."

Ambokile, mdogo wa marehemu mume wa Tusekile, aliyekuwa ameshika mpini wa gurudumu, aliangua kicheko. Rajabu akafoka, akaapa kumwita askari wa boma.

"Mwite," alisema Tusekile.

Msidhani hakuogopa. Kiboko cha boma alikwisha kuona kilivyouchana mgongo wa mumewe. Lakini hakuinuka. Wenzake waliokuwa wameshika njia wakasikia kelele, wakarudi, wakaketi kando yake na nyungo zao.

"Zungusha!" Rajabu alimgeukia Ambokile.

Ambokile aliwatazama wale wanawake, akamtazama shemeji yake, akaachia mpini. Mwenzake naye akaachia. Rajabu akakunja kanzu, akaushika mwenyewe. Akasukuma wee, gurudumu likazunguka kidogo, likagoma, na jasho likamtiririka mpaka ndevuni. Nje, mpunga wa boma ulimngoja, magunia kwa magunia.

Akalipiga teke gunia la chenga, likamwagika.

"Chukueni! Mkimaliza, nisiwaone tena hapa!"

Tusekile alijaza ungo wake, akaupepeta taratibu pale pale mlangoni.

"Utatuona," alisema. "Kila siku mashine hii itakapotwanga."