Kasi ya Malachy Tuohy

Malachy Tuohy alikuwa mwizi wa dakika, na mimi niliapa kumkamata.

Mashindano yetu ya kuogelea, kutoka kisiwa cha Inishcorra hadi gati la Kilbrack, ni kilomita saba kila Septemba, na maji hata yakijitahidi hayapiti nyuzi joto kumi na nne. Wenye kasi ndogo hutangulia kuingia, wepesi hufuata baadaye, ili wote wafukuzane. Kasi yako hupimwa wiki mbili kabla, unapoogelea peke yako ghubani. Sasa huyu Malachy, tarishi mstaafu wa miaka sitini na tatu, siku ya kupimwa alijikokota kama gunia lililolowa, akapewa kunitangulia dakika arobaini. Siku ya mashindano akateleza kama sili. Kombe likaenda kwake. Mwaka uliofuata, vilevile.

“Anajizuia makusudi,” nilimwambia Lorcan, mume wangu, ambaye hunisindikiza kwa kayaki majini. “Anatuchezea.”

“Au wewe umezeeka,” akajibu, akipaka mkate siagi.

Nikaanza kumchunguza. Barabarani hakusalimu mtu mpaka asalimiwe. Hakukutazama machoni. Dada yake, Dymphna, ndiye aliyemsindikiza kwa kayaki kila mwaka, na wakiteremka ngazi za gati alimshika kiwiko, wakinong'onezana. Na kule katikati ya ghuba niliwahi kumsikia Dymphna akigonga ubavu wa kayaki kwa kasia, ko, ko, ko, bila kuchoka. Ishara, nikasema moyoni. Labda kuna hata kamba chini ya maji.

Nikamwendea Fintan Hession, msimamizi, nikamtaka aweke sharti kwamba mwogeleaji asisindikizwe na ndugu wala mwenzi wake.

“Unamshuku mtu, Attracta?”

“Nawashuku wote. Wewe andika tu.”

Akaandika. “Basi Lorcan atakwenda na Malachy, na Dymphna atakwenda na wewe.”

Nusura nimbusu.

Asubuhi ya mashindano nilimwagiza Lorcan: “Kaa nyuma yake hatua thelathini. Usimsemeshe. Mwangalie tu.” Malachy aliposomewa sharti jipya, uso ulimpauka. Dymphna akamvuta Fintan pembeni, akafungua mdomo, lakini kaka yake akamkatiza.

“Acha, Dymph. Nitaogelea.”

Nikajiambia, leo kabanwa.

Dakika arobaini baada yake niliingia majini. Baridi ilinikaba kifua kama kawaida, kisha vidole vikafa ganzi, kisha nikazoea. Lakini kila nilipogeuza uso kuvuta pumzi, Dymphna alikuwa hanitazami mimi. Alitazama mbele, shingo ndefu.

“Unanipeleka wapi?” nilimfokea. “Mbona kanisa liko kulia?”

“Mkondo unakusukuma. Ogelea.”

Baada ya saa moja akanitupia chupa ya chai ikiwa imefungwa uzi. Nikaitazama bila kuigusa.

“Onja wewe kwanza.”

Akaivuta, akanywa nusu nzima kwa hasira, akanirudishia. “Una roho mbaya, Attracta Gilhooly.”

Mvua ilishuka ghafla, nzito, ghuba ikawa kijivu pande zote. Redio ya Dymphna ikakoroma. Sauti ilikuwa ya Lorcan: “Nimempoteza. Malachy. Mvua imeshuka, nageuka, simwoni.”

Dymphna akaacha kupiga kasia.

“Haoni, Attracta.”

“Nani haoni?”

“Kaka yangu! Macho yake yamebaki kama tundu la ufunguo, mwaka wa nne huu. Mimi hugonga kayaki, naye majini husikia na kuifuata. Bila kugongewa anazunguka tu.” Alikuwa analia. “Alinikataza kusema. Wakijua, watamtoa baharini.”

Siku ya kupimwa huwa hakuna kayaki, wala wa kumgongea. Nilikuwa nimeelea pale na chai ya watu mkononi, na kila nilichokiona kwa miaka miwili kikanigeukia.

“Nenda kamtafute,” nikasema.

“Siruhusiwi kukuacha.”

“Basi twende wote. Maji yanatoka, atakuwa amechukuliwa upande wa mdomo wa ghuba. Gonga!”

Akagonga kama anayevunja mlango, huku akiita jina lake. Nilimfuata kwa nguvu zote nilizokuwa nimezitunza kwa ajili ya kombe. Nilisimama kusikiliza mara nyingi, hamna kitu. Sijui ulipita muda gani. Mwishowe tulimkuta mbali nje ya boya la mwisho, mkono baada ya mkono, mwendo mzuri kuliko wangu, akielekea Marekani.

Aliposikia kasia akasimama papo hapo.

“Umechelewa,” alimwambia dada yake, meno yakigongana. Midomo ilikuwa ya bluu.

Boti ya uokoaji ikatubeba mimi na Malachy. Gatini, tukiwa tumefungwa mablanketi, nilimsogelea.

“Nisamehe, Malachy. Nilidhani unatuibia.”

“Ungeniuliza.”

“Ungenijibu?”

Akafikiri kidogo. “Hapana.”

Kamati ilikaa mara tatu. Malachy akaruhusiwa kuogelea na Dymphna, na kupimwa akiwa naye, kwa hiyo sasa anaanza nyuma na wenzake wa kasi ile, wala hajashinda tena. Mimi ndiye niliyezungumzwa. Kilbrack nzima ilisema nilimnyang'anya kipofu macho yake ili nipate kombe, kwamba nilijua tangu mwanzo. Nikiingia dukani mazungumzo hukatika. Nimeeleza mpaka nimechoka. Kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyotazamana.

Mwaka uliofuata nilifika wa tatu. Nilipopanda ngazi za gati, hakuna aliyepiga makofi ila Lorcan, na Malachy, aliyekuwa amekwisha kufika na kuvaa koti lake.

“Ni nani huyo?” aliuliza.

“Ni mimi,” nikasema. “Attracta.”

Makofi yake yakapungua, lakini hakuacha.