Sahani za Giza

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne, sahani nne za giza zilionekana kwenye hadubini zikiwa na seli zilizokufa.

Hazikupaswa kufa. Dawa iliyokuwa ikichunguzwa haina madhara mpaka imulikwe: huingia ndani ya seli za saratani ikalala humo, na leza nyekundu ndiyo huiamsha ikaua. Kwa hiyo kila jaribio lilikuwa na sahani zinazotiwa dawa lakini hazimulikwi. Zinafungwa karatasi ya alumini na kuwekwa kando. Zikibaki hai, dawa ni salama. Zikifa, dawa ni sumu kama sumu nyingine yoyote, na ombi la kuijaribu kwa wagonjwa kumi na mmoja, lililokuwa lifike mbele ya kamati ya maadili Ijumaa saa kumi, halina miguu ya kusimamia.

Aliyeziona kwanza ni mtaalamu wa seli. Hakumwita profesa. Alimwita wifi yake.

"Wifi, njoo uione kazi yako."

Wifi huyo alikuwa fundisanifu wa mwanga, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye maabara nzima ilimwita Bi Giza. Kwa miaka kumi na moja leza, kamera na chumba cha giza vilikuwa mikononi mwake, na hakuna aliyethubutu kufungua mlango wa chumba hicho bila kubisha mara mbili. Mtaalamu wa seli alikuwa mke wa mdogo wake. Tangu Februari, mtaalamu alipokigeuza chumba cha mama mkwe wake kuwa ofisi na kumhamishia mama wa watu kwenye kochi la sebuleni, wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Waliitana "wifi" kwa adabu zote, kila mmoja akilitamka neno kama anayetema mbegu.

Bi Giza aliinama, akahesabu. Katika kila seli mia, thelathini na nane tu zilikuwa hai. Aliandika.

"Kazi yangu ni mwanga," alisema. "Hizi hazikumulikwa."

"Ndicho ninachokuuliza. Nani kazimulika?"

Saa tatu profesa aliwakusanya. Hakupandisha sauti, na waliomjua walijua hiyo ni dalili mbaya. Alisema mambo ni mawili. Ama dawa ni sumu, na miaka minne imekwenda na maji. Ama mwanga umepenya, na kuna mtu kalala kazini. Kama ni hilo la pili, basi hataki jina la mtu huyo kwenye ombi wala mkono wake kwenye leza. Alitaka jibu kabla ya Alhamisi adhuhuri. Mtu wa takwimu alisema labda seli zimekufa kwa kuwasikiliza mawifi, akacheka peke yake. Mtaalamu wa seli naye akatoa rai kwamba mtu akishavuka hamsini jicho halioni tena mwanga mdogo, si kosa lake, ni umri. Bi Giza alimwacha amalize, kisha akaenda kuwasha kamera.

Dawa ile ina tabia moja: ikipigwa taa maalumu hung'aa, na kwa mng'ao huo timu iliweza kuchora kwenye skrini mpaka wa uvimbe na nyama nzima. Lakini dawa iliyokwisha kupata mwanga huchoka, na mng'ao wake hufifia. Bi Giza alipiga kila sahani picha moja fupi. Mng'ao uliobaki ulikuwa sitini kwa mia, hamsini na nane, sitini na tatu, hamsini na tisa.

Dawa haikuwa sumu. Mwanga ulikuwa umeingia.

Profesa alipoambiwa alishusha pumzi. Mtaalamu wa seli alisubiri mpaka kila mtu ageuke.

"Basi dawa yangu ni safi. Mwanga ni wako, wifi. Nitakukalia kooni mpaka useme ulipita wapi."

Bi Giza alielewa kilichotokea: ameiokoa dawa kwa kujifunga mwenyewe. Alielewa pia kwamba asingepata pa kwenda. Wa umri wake, mwenye cheti cha ufundi tu, hakuna maabara nyingine ambayo ingempa leza.

Jumatano asubuhi alijifungia kwenye chumba cha giza. Alikaa dakika ishirini macho yazoee, kisha akapima: kizingiti, tundu la bomba, matundu ya hewa, pembe za dirisha lililozibwa. Kipimo kilisoma sifuri kila mahali. Akazikagua karatasi za alumini moja moja. Hazikuwa na tundu. Akawasha taa ya kijani ili aandike.

Kalamu ilisimama katikati ya neno.

Taa hiyo ilikuwa juu ya meza, na chini yake ndipo watu wote walipotilia dawa kwenye sahani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga. Waliiita taa salama, kwa sababu dawa ya zamani haikuguswa na kijani hata ikiwekwa chini yake kutwa. Hakuna aliyeihesabu kuwa mwanga. Katika daftari za maabara ile, neno giza lilikuwa na maana ya taa hiyo ikiwaka. Lakini dawa ilibadilishwa Machi, wiki saba nyuma, na hili lilikuwa jaribio la kwanza la dawa mpya.

Ili kupima alihitaji dawa, na dawa ilikuwa kwenye friji ambayo ufunguo wake alikuwa nao wifi yake.

"Wifi, naomba matone mawili."

"Ya nini?"

"Kupima."

"Wiki saba zote hizo ulikuwa wapi?" Alimpa, akamtaka atie saini kwa kila tone.

Mashine inayopima rangi ambazo dawa hunyonya ilichora vilima viwili. Kimoja kirefu, kwenye nyekundu, kama ilivyotakiwa. Cha pili kifupi zaidi, kwenye kijani, palepale taa ilipomulika. Kutayarisha sahani nne huchukua dakika arobaini, zote chini ya taa hiyo. Alirudia kipimo mara tatu, vilima havikusogea.

Alifungua kabati lake, akatoa fomu ya kubadili dawa. Mstari wa saba uliuliza kama taa salama imepimwa na dawa mpya. Tiki ilikuwa kwenye ndiyo, tarehe kumi na nne Machi, na saini ilikuwa yake.

Alikumbuka vizuri. Kupima kulihitaji tone la dawa, tone lilihitaji kusemezana na wifi, na ile ilikuwa wiki ya tatu hawajapeana hata salamu. Alitia tiki akaenda zake.

Nakala ilikuwa hiyo moja tu, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye.

Saa saba mchana mdogo wake alipiga simu. Alikwisha kusikia habari za matone. Alimsihi dada yake aandike kwamba wamesahau wote wawili, ili kila mtu abebe nusu na yaishe. Bi Giza alimuuliza kama mkewe alijua taa haikupimwa.

"Aliiona tiki yako Machi, na alijua hukuja kwenye friji. Alidhani dawa umepewa na profesa."

"Alidhani, au anasema alidhani?"

"Dada, wewe huna moyo. Ndiyo maana mama anaona afadhali kochi langu kuliko kitanda chako."

Akakata simu. Bi Giza alilitafakari lile la kudhani kwa dakika chache. Hakukuwa na kifaa cha kulipima. Hakuliandika.

Alhamisi saa nne aliweka mezani kwa profesa sentensi saba, michoro mitatu na fomu. Mtaalamu wa seli alisoma akiwa amesimama.

"Hukuandika kwa nini ulitia tiki."

"Sababu haibadilishi idadi ya seli zilizokufa."

"Inabadilisha namna watu wanavyokujua. Andika kwamba ulininunia."

Profesa aliuliza kama ni kweli. Bi Giza alisema ni kweli. Aliichukua karatasi akaongeza sentensi ya nane: sikuomba dawa kwa sababu sikutaka kuzungumza na mwenzangu. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Na wewe andika kwamba uliiona tiki, na friji haikufunguliwa."

"Mimi sina saini hapo."

Profesa aliitia fomu kwenye faili. Aliagiza jaribio lirudiwe mchana huohuo bila taa yoyote. Kazi hiyo ya kupapasa iliwezekana kwa watu wawili tu: mmoja alikijua chumba, mwingine alizijua seli. Waliingia saa nane. Kwa dakika arobaini na tano walifanya kazi bega kwa bega wasione hata vidole vyao, wakipokezana vichupa kwa kugusana. Viwiko viligongana mara mbili. Hakuna aliyeomba radhi.

Ijumaa saa sita mchana sahani zilihesabiwa. Katika kila seli mia, tisini na tano zilikuwa hai. Profesa aliiweka karatasi ya hesabu hiyo juu ya ombi, akamtaka Bi Giza akabidhi ufunguo wa leza na kitabu cha vipimo, na kuanzia Jumatatu aende jengo la pili kuwaandalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza vifaa vya mazoezi. Bi Giza aliuliza nani atarekebisha leza ikiyumba. Profesa alijibu kwamba wataangalia. Bi Giza alikabidhi saa tisa na robo, akiandika namba ya kila kifaa.

Saa tisa na dakika arobaini ukurasa wa watafiti ulichapwa upya. Majina, yaliyokuwa sita, sasa yalikuwa matano. Kwenye mstari wa msimamizi wa mwanga, wifi yake alitia saini.